Kalamu ya Mbao kwa Bajeti ya Wawili

Hobi nzuri haivunji kibubu wala nyumba. Siri ni kujua pesa ianzie wapi.

Hobi ni kitu kitamu, mpaka siku mwenzako atakapokuta risiti. Wangapi tunaficha vifurushi kwenye buti la gari, eti tutamwambia kesho? Kukereza kalamu za mbao ni moja ya hobi zinazoanza kwa utani na kumaliza akiba, maana vifaa vyake ni vidogo vidogo na kila kimoja kinaonekana cha bei poa. Ila mkiipanga vizuri, ni kazi ya kufanya wawili Jumamosi mchana, na mwisho wake mnapata zawadi isiyouzwa duka lolote.

Kukereza, kwa wasiojua, ni kuzungusha mti kwenye mashine huku ukiunyoa kwa patasi, kama yanavyotengenezwa matendegu ya kitanda. Haya, twende kwenye pochi.

Mashine isubiri

Msianze kwa kununua mashine. Mtafuteni fundi anayekereza miguu ya stuli na matendegu, mkubaliane awauzie saa chache za mashine yake, na somo juu. Muulizeni pia tundu la mashine yake ni la saizi gani, kabla hamjanunua mandreli, yaani ule mhimili mwembamba unaoshika mbao ikizunguka. Mandreli nyingi za kalamu ni za Morse namba 1 au namba 2. Mkikosea hapo, mmenunua pambo.

Aina moja tu, jamani

Hapa ndipo wengi wanapoliwa. Kalamu hizi hutengenezwa kwa seti: ncha, klipu, kizungushio cha refili na vijibomba vya shaba vinavyogandishwa ndani ya mbao. Kila aina ya seti ina bushi zake, na mara nyingi biti yake ya kutobolea. Aina tatu ni bushi mara tatu!

Anzeni na ile nyembamba iitwayo slimline, ambayo kwa kawaida hutobolewa kwa biti ya milimita 7. Inatumia refili nyembamba ya mtindo wa Cross, siyo ile nene ya Parker, kwa hiyo jueni kwanza refili mtaipata wapi. Kalamu isiyo na wino ni kijiti tu.

Seti 5 zinatosha kuanzia. Ongezeni vijibomba vichache vya akiba: mbao ikipasuka, mmepoteza kijibomba, seti imebaki salama.

Mbao iko karibu

Wenzetu wa Ulaya na Marekani huagiza mpingo wetu kwa bei si mchezo, ule ule unaotengenezewa klarineti. Sisi masalia yake yako kwa wachonga vinyago. Kipande cha sentimita 2 kwa 2, urefu wa sentimita 13, kinatosha kalamu nzima. Nunueni kwa fundi anayefanya kazi kihalali, na risiti mkononi.

Lakini mpingo siyo wa kujifunzia. Ni mgumu, na ukitobolewa kwa pupa hupata moto na kupasuka. Anzeni na masalia ya mninga kutoka kwa seremala wa mtaani, kisha mpingo muutunzie kalamu ya nne au ya tano.

Cha kuacha, cha kutobana

Mashine maalumu ya kubana kalamu iacheni dukani. Jiliwa ya fundi, ikiwekewa vipande viwili vya mbao kwenye meno yake, inafanya kazi hiyo hiyo. Seti ya patasi sita nayo iacheni. Patasi moja ya nusu duara, yenye makali, inatosha.

Msibane kwenye jiwe la kunolea, miwani ya kukinga macho na barakoa. Patasi butu huchana mbao, na vumbi la mpingo huwasha ngozi na kusumbua kifua. Pesa ya hospitali haimo kwenye bajeti hii.

Gaweni hivi

Mkishakubaliana kiasi, kigaweni mafungu matatu. Nusu iende kwa vitu vya kudumu: mandreli, bushi, biti, patasi na jiwe la kunolea. Robo iwe ya seti na vijibomba vya akiba. Robo iliyobaki ilipe muda wa mashine, gundi, misasa, miwani na barakoa. Fungu likiisha, limeisha. Msikope kwenye fungu la kodi ya nyumba.

Halafu wekeni sheria moja: kitu ambacho hakiko kwenye orodha hakinunuliwi mpaka wote wawili mseme sawa. Kalamu ikipata mteja, pesa irudi kwenye bahasha ya hobi, na seti mpya itoke humo humo. Kwa njia hiyo mwenzako haoni patasi kama mke mwenza au mshindani wake. Anajua imetoka wapi na inalipa nini.

Na zile kalamu mbili za kwanza, hata zikitoka zimepinda, msiziuze. Moja iende kwenye mkoba wake wa ofisini, nyingine kwenye mfuko wako wa shati. Kila mtu asaini na ya mwenzake.