Hamu ya Kuchora Imekuisha: Sasa Ufanyeje?

Umerudi nyumbani katikati ya muhula. Labda ni homa, labda ada haijapatikana, labda mama anaumwa na wewe ndiye mkubwa. Wenzako wanaendelea na masomo. Na wewe, ambaye darasani walikuita "msanii", unaikodolea macho karatasi lakini mkono hautaki. Penseli imekuwa nzito kama mchi. Unaanza kujiuliza: kwani kipaji changu kimekwenda wapi?

Kabla hujazitupa penseli, msikilize binti mmoja wa Marekani aliyepitia hayo. Anaitwa Georgia O'Keeffe, na huenda umewahi kuona nakala za picha zake za maua makubwa yanayojaza turubai nzima. Leo anahesabiwa miongoni mwa wachoraji wakubwa wa nchi yake. Lakini kuna miaka kama minne hivi ambayo hakuchora picha hata moja ya kwake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1887. Mwaka 1905 aliingia chuo cha sanaa mjini Chicago. Mwaka ulipoisha akaenda likizo nyumbani Virginia, na huko akashikwa na taifodi, yaani homa ya matumbo. Alikuwa na miaka 18. Aliumwa sana, nywele zikanyonyoka, na muhula mpya ulipoanza hakuwa na nguvu za kurudi. Akakaa nyumbani mwaka mzima.

TAIFODI YA WAKATI ULE NA YA LEO

Tusimame hapa kidogo, maana ugonjwa huu bado tunao. Taifodi huletwa na bakteria wanaotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye vijidudu hivyo na kuingia mdomoni mwa mwingine kwa njia ya maji au chakula. Homa hupanda taratibu siku hadi siku, kichwa kinauma, tumbo linasumbua, mwili unalegea. Mwaka 1906 hapakuwa na dawa ya kuwaua bakteria hao. Mgonjwa alilala wiki tatu, nne au zaidi, na wengi walikufa. Leo dawa zipo, lakini upimwe kwanza, usikisie. Malaria nayo huleta homa, na kidonge cha kubahatisha dukani hakikusaidii. Ukipewa dozi, imalize hata kama unajisikia mzima. Na nywele zikinyonyoka baada ya homa kali, usiogope, kwa kawaida huota tena.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi: homa ikishuka, nguvu hazirudi siku hiyo hiyo. Unaweza kuchoka wiki kadhaa. Basi ukishindwa kuchora wakati huo, siyo kwamba kipaji kimekufa. Ni mwili unajijenga. Kula, lala, kunywa maji safi, mambo ya penseli yatasubiri.

ALIPONA, LAKINI...

Mwaka 1907 O'Keeffe alikwenda New York, kwenye shule nyingine ya sanaa. Alifanya vizuri sana, tena mwaka 1908 alishinda tuzo kwa picha ya sungura aliyekufa kando ya chungu cha shaba. Utadhani angefurahi. Kumbe moyoni alikuwa amechoka. Shuleni hapo kazi kubwa ilikuwa kuiga namna ya walimu, na yeye alijiona akirudia yaliyokwisha fanywa na wengine, tena kwa ubora zaidi. Nyumbani nako biashara ya baba ilikuwa imeyumba, pesa ya kuendelea na masomo hakuna. Akaacha shule. Akaenda Chicago kuchora lesi na darizi kwa ajili ya matangazo ya biashara. Mwaka 1910 akapata surua, macho yakadhoofika, akarudi tena kwa wazazi. Alifika mahali ambapo harufu tu ya tapentaini ilimtia kichefuchefu.

(Kuhusu tapentaini: mvuke wake kweli unaumiza kichwa na kutia kichefuchefu. Ukiitumia shuleni, fungua madirisha.)

Sasa angalia vizuri kilichomrudisha, maana watu hupenda kusema ni ugonjwa uliomfanya msanii. Si kweli. Ugonjwa ulimpotezea muda na nywele, basi. Kilichomrudisha kilikuja kiangazi cha mwaka 1912, na kililetwa na wadogo zake wa kike. Walikuwa wanasoma kozi ya likizo kwenye Chuo Kikuu cha Virginia, wakamwambia, njoo umsikie mwalimu wetu. Akaenda, nadhani kwa kuwaridhisha tu.

Mwalimu huyo, Alon Bement, alifundisha mawazo ya msanii mwingine, Arthur Wesley Dow. Dow hakuanza na kunakili vitu. Alisema anza na nafasi: una mraba mtupu, utaugawaje kwa mistari michache ili upendeze? Weusi ukae wapi, weupe ukae wapi? Hapo hakuna jibu moja la kunakili ubaoni. Kila mtu anaamua mwenyewe. Kwa O'Keeffe ilikuwa kama mtu kafungua dirisha. Akaanza tena kuchora, akafundisha sanaa huko Texas, na mwaka 1914 akarudi New York kusoma kwa Dow mwenyewe.

Umeona? Alirudi shule. Usije ukamwambia baba kwamba gazeti limekushauri uache masomo!

MKAA NA SAKAFU

Halafu ikaja mwaka 1915. Alikuwa na miaka 27, mwalimu katika chuo kidogo cha wasichana huko South Carolina, mbali na marafiki. Siku moja alizitandaza picha zake zote chumbani akazitazama moja baada ya nyingine. Hii niliichora ili mwalimu fulani anisifu. Hii nayo, mwalimu mwingine. Ya kwangu mwenyewe iko wapi? Haikuwepo.

Akaziweka kando zote. Akaacha hata rangi, akasema nitatumia mkaa tu na karatasi, nyeusi na nyeupe, mpaka nitakapoona rangi inahitajika kweli. Jioni baada ya kazi alipiga magoti sakafuni akachora maumbo aliyokuwa nayo kichwani, yasiyofanana na kitu chochote.

Hilo hata wewe unaliweza leo. Kipande cha mkaa wa jikoni uliopoa, karatasi ya manila au upande wa nyuma wa kalenda ya zamani. Chora mraba, ugawe. Usimwonyeshe mtu kwanza. Dakika kumi zinatosha. Usipulize vumbi lake usoni, kung'uta karatasi nje.

Ila kama siyo kuchora tu kulikokuisha hamu, bali hata chakula, marafiki na mpira, na hali imefika wiki mbili, hilo ni jambo jingine. Usikae nalo kimya. Mwambie mtu mzima unayemwamini, au nenda kituo cha afya ukaeleze vilevile kama ungeeleza homa.

Michoro ile ya mkaa O'Keeffe aliituma kwa rafiki yake New York, akamsihi asimwonyeshe mtu. Rafiki hakuvumilia. Tarehe 1 Januari 1916 aliipeleka kwa Alfred Stieglitz, mpiga picha maarufu aliyekuwa na ukumbi wa maonyesho, na mwezi Mei mwaka huo huo Stieglitz akaitundika ukutani bila ruhusa ya mwenyewe. O'Keeffe alikwenda kumgombeza aiondoe. Waliongea, na michoro ikabaki ukutani.

Alichora hadi uzeeni. Miaka ya 1970 macho yalipofifia akashindwa rangi za mafuta bila kusaidiwa, na akarudia penseli na mkaa, akaendelea navyo hata alipopita miaka 90.