Nani Ameshika Kijiko cha Sukari?

Katika nyumba nyingi za pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Shimoni na Wasini hadi Msambweni na Diani, mtu akishaambiwa hospitalini apunguze sukari, kitu cha kwanza kuandamwa ni kopo la sukari. Chai iliyokuwa ikitiwa vijiko vitatu inatiwa kimoja, wengine wanahamia strungi kavu, na jamaa wote wanaridhika kwamba agizo la daktari limetimizwa. Ni hatua njema, na Wakenya wanaihitaji: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba zaidi ya watu 8 katika kila 10 huzoea kuongeza sukari katika vinywaji wanavyotayarisha nyumbani. Lakini kopo lile ni sukari inayoonekana. Iko nyingine iliyotiwa na mkono wa mbali kabla chakula hakijafika mezani, na kwa mtu anayekunywa soda kila siku hiyo ndiyo iliyo nyingi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mtu anatia vijiko vingapi, inafaa tuulize ni nani aliyeshika kijiko.

Tuanze na kipimo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000, kikomo ni gramu 50, na kinachotakikana ni gramu 25. Kijiko cha chai kisichojazwa mlima hubeba gramu 4 hivi. Basi kikomo ni vijiko 12, na kizuri zaidi ni 6. Sukari huru ni ile inayotiwa na kiwanda, mpishi au mlaji mwenyewe, pamoja na iliyomo ndani ya asali, sharubati na juisi za matunda. Sukari ya tunda zima na ile ya maziwa hazihesabiwi humo.

Sasa tuipime chai ya asubuhi. Mpishi anayetia robo kilo ya sukari katika kilo moja ya unga na kukata mahamri 30 ametia gramu 8 na ushee katika kila hamri. Aliyekula matatu kwa mbaazi za nazi amekwisha kula gramu 25 kabla hajagusa kikombe. Vikombe viwili vya chai ya maziwa, kila kimoja kwa vijiko viwili, vinaongeza 16. Jumla ni 41 na jua bado halijapanda. Hesabu hiyo si ndogo, lakini ina jambo moja la kuliwaza: mkono ulioshika kijiko unajulikana. Ni wa mwenye jiko au wa muuza mahamri wa mtaani, na akiombwa apunguze anaweza kupunguza kesho.

Sivyo ilivyo dukani. Coca-Cola ya kawaida ina takriban gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Chupa ndogo ya kioo, ya mililita 300, ina gramu 32, yaani vijiko 8. Ya nusu lita ina 53, yaani vijiko 13, na peke yake imevuka kikomo cha siku nzima. Hakuna anayeweza kutia vijiko 13 katika nusu lita ya chai akaimaliza bila kukunja uso, lakini soda hushuka bila shida, na sababu zake zinajulikana. Baridi huupunguzia ulimi uwezo wa kuonja utamu. Asidi, fosforiki kwa kola na sitriki kwa soda za matunda, huukata utamu huo kama ndimu inavyoukata katika maji ya miwa. Gesi nayo huuchangamsha ulimi ukashughulika na mengine. Soda hiyo ikiachwa wazi juani mpaka ikaisha gesi na kupata vuguvugu, itakinaisha kwa funda la pili. Sukari yake haikuongezeka. Vilivyoificha ndivyo vilivyoondoka. Vinywaji vya kuongeza nguvu, vinavyopendwa na madereva wa safari za usiku na vijana wa bodaboda, hutumia njia hiyo hiyo: kopo dogo la Red Bull, mililita 250, lina gramu 27.

Soda angalau kila mtu anajua ni tamu. Kuna vyakula vinavyoliwa kwa nia njema kabisa. Yogati ya vanila au ya stroberi, anayonunuliwa mgonjwa kwa kuwa ni laini, mara nyingi huwa na gramu 10 hadi 14 za sukari kwa kila gramu 100, na katika hizo ni 4 au 5 tu zinazotokana na maziwa yenyewe. Maziwa lala yasiyotiwa kitu hayana ziada hiyo. Tomato sosi inayomiminwa juu ya viazi karai na chipsi ni chachu kwa ulimi, kumbe karibu robo ya uzito wake ni sukari. Kijiko chake kikubwa kimoja si mbali na kijiko cha chai cha sukari. Mkate wa boflo nao una sukari katika kinyunya chake, kidogo kwa kila kipande, lakini haba na haba hujaza kibaba. Hata mtoto asiyejua kusema hakusazwa. Aprili 2024 shirika la Uswisi liitwalo Public Eye, pamoja na mtandao wa IBFAN unaotetea unyonyeshaji, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba Cerelac, uji wa watoto wa kampuni ya Nestlé, uliongezwa sukari katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, ilhali bidhaa kuu za watoto ambazo kampuni hiyo huuza nyumbani kwake Uswisi hazikuongezwa. Kampuni ilijibu kwamba hufuata sheria za kila nchi na kwamba imekuwa ikipunguza. Jibu hilo lenyewe lafundisha: pale sheria inaporuhusu, kijiko kitatiwa.

Mtu atasema vibandiko vipo, asome. Ni kweli, na anayeweza asome: viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, na sukari ikiwa ya pili au ya tatu, hicho ni chakula cha sukari. Lakini kibandiko kina mianya yake. Sukari ikigawanywa katika majina matatu, glukosi hapa, fruktosi pale, sharubati ya mahindi kule, kila moja inakuwa nyepesi na kusogea nyuma ya orodha. Hesabu hutolewa kwa gramu 100 au kwa kipimo alichochagua mtengenezaji, mara nyingi kidogo kuliko anachokula mtu. Na maandishi ni madogo, aghalabu kwa Kiingereza. Chile iliona tatizo hilo, na tangu mwaka 2016 imelazimisha alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti yenye sukari nyingi, alama ambayo hata asiyejua kusoma anaielewa.

Madhara nayo yasemwe kwa kiasi, bila kutishana. Sukari si sumu, na kisukari hakiletwi na sukari pekee; urithi, umri, unene na kukaa bila kufanya kazi ya mwili vyote vina sehemu. Hata hivyo ushahidi juu ya vinywaji vitamu ni mzito. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2015, uliokusanya tafiti 17 zilizofuatilia watu kwa miaka, ulikuta kwamba kila kinywaji kimoja chenye sukari kwa siku kiliambatana na ongezeko la asilimia 18 la hatari ya kisukari cha aina ya pili. Uzito wa mwili ulipozingatiwa, ongezeko lilibaki asilimia 13. Tafiti za namna hiyo huonyesha mambo yanayokwenda pamoja na peke yake hazithibitishi chanzo, lakini zinaungwa mkono na tunayoyajua kuhusu mwili. Sukari iliyoyeyushwa huingia damuni upesi, haishibishi kama chakula cha kutafuna, na fruktosi iliyo nusu yake hupelekwa kwenye ini, ambalo likizidiwa huigeuza mafuta. Mdomoni, bakteria huila na kutoa asidi inayotoboa meno. Na kwa mtu wa kisiwa cha Wasini, ugonjwa wa muda mrefu maana yake ni mashua na kisha gari hadi Msambweni, iliko hospitali kubwa ya Kaunti ya Kwale, kliniki baada ya kliniki.

Wapo watakaouliza: wazee wetu walikula halua, kaimati na kashata, mbona hawakudhurika? Halua huliwa kwa kipande, na kahawa chungu pembeni, arusini au Idi, na anayekula anajua anakula halua. Kaimati hung'aa kwa shira. Mabuyu mekundu huacha rangi ulimini. Utamu wa vitu hivyo hauna siri, na kwa kuwa hauna siri una mpaka. Hata muwa, uliokuwa ukilimwa Kwale kwa ajili ya kiwanda cha Ramisi tangu miaka ya 1920 hadi kilipofungwa mwaka 1988, ukitafunwa kwa meno huchosha taya kabla hujamaliza pingili mbili. Ukikamuliwa mashineni, pingili kadhaa zinaingia katika bilauri moja na kunywewa kwa dakika. Ndiyo maana hoja ya utamu wa asili haitoshi: asali, sukari guru na juisi ya miwa zote huhesabiwa kuwa sukari huru. Chungwa zima na embe zima ni jambo lingine, kwa sababu nyuzi zake huchelewesha sukari na kumshibisha mlaji. Maji ya dafu, kwa upande wake, huwa na chini ya nusu ya sukari ya soda.

Hoja ya pili ni ya kazi. Mvuvi wa Shimoni anayepiga kasia na kuvuta nyavu tangu alfajiri anahitaji nguvu, na sukari ni nguvu. Anaihitaji kweli, lakini wali, ugali na muhogo vinampa glukosi hiyo hiyo, polepole na kwa muda mrefu, na meno hayajui kama mwenye nayo amevua au amelala. Zaidi ya hayo, chupa ya nusu lita ni ile ile kwa mvuvi na kwa anayekaa dukani kutwa nzima.

Ya tatu ndiyo nzito kwa watu wa Kwale: miwa ni riziki. Baada ya Ramisi kufungwa, kampuni ya sukari ya KISCOL ilifufua kilimo hicho katika eneo la Msambweni, na wapo wakulima wanaoitegemea. Je, tukipunguza sukari tutawaua njaa? Kwa miaka mingi Kenya imetumia sukari nyingi kuliko inayozalisha, ikaziba pengo kwa kuagiza, hasa kutoka nchi za COMESA. Kijiko kinachopunguzwa kinaweza kwanza kupunguzwa katika meli. Na Ramisi haikufa kwa sababu watu waliacha sukari.

Basi nini kifanyike? Anayetaka kuanza leo aanze na anachokunywa, kwa kuwa ndiko sukari iliko nyingi na ndiko isikoshibisha. Asikimbilie utamu wa kemikali: Mei 2023 WHO ilishauri usitumiwe kama njia ya kupunguza uzito. Mchovya asali hachovyi mara moja, kwa hiyo apunguze polepole, nusu kijiko kwa wiki, mpaka ulimi ukubali. Lakini ushauri huu unafika mwisho wake pale anayeshika kijiko anapokuwa kiwandani. Uingereza ilianza Aprili 2018 kutoza vinywaji kwa ngazi, kuanzia gramu 5 za sukari kwa mililita 100, na zaidi kuanzia gramu 8. Kampuni nyingi zilibadilisha vinywaji vyao kabla kodi haijaanza, na wastani wa sukari katika vinywaji vilivyohusika ulishuka kwa takriban asilimia 46 kati ya 2015 na 2020. Afrika Kusini nayo ilianza kutoza kwa gramu Aprili hiyo hiyo ya 2018. Kenya ilikwenda njia nyingine: Sheria ya Ushuru wa Bidhaa ya mwaka 2015 iliweka maji ya chupa na soda katika fungu moja, shilingi 5 kwa lita.

Uzito wa fungu hilo unaonekana vyema Wasini, kisiwa cha mawe ya matumbawe kisicho na mto, ambako watu wametegemea maji ya mvua na ya kuvushwa kutoka bara. Penye maji adimu au ya chumvi, soda haishindani na maji safi ya bomba, inashindana na kiu. Kuwahimiza watu hao wanywe maji bila kuwafikishia maji ni kuwabebesha lawama isiyo yao. Kwa hiyo bomba, kibandiko kinachosomeka na kodi inayohesabu gramu ni mambo ya sera moja ya afya. Mlaji akipunguza kijiko chake kimoja na mtengenezaji akaendelea kutia 13, hesabu haitabadilika sana. Sheria itakayopima sukari yenyewe ndiyo itakayomlazimu aliyeshika kijiko kikubwa naye apime.