Kompyuta Ikisema Malipo Hayapo: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumwambia Mteja Hajalipa

Ni Jumamosi mchana na duka lako la vifaa vya ujenzi limejaa. Fundi mmoja anafika kaunta: "Boss, ile simiti nililipia jana, mifuko kumi. Nimekuja na pikapu." Unaandika nambari ya muamala kwenye kompyuta, unabonyeza kitufe cha kutafuta, na jibu linakuja papo hapo: hakuna rekodi. Nyuma ya fundi kuna watu watano wanangoja. Sasa unafanya nini?

Wengi hapa huangukia kosa moja kati ya mawili. Kuna anayesema, "Hujalipa, sijaona pesa," na kumbe pesa iko kwenye akaunti tangu jana. Fundi anaondoka kwa hasira na harudi tena. Halafu kuna anayeona aibu mbele ya watu, anatazama SMS kwenye simu ya fundi, anatoa simiti, na jioni akihesabu anagundua kuwa SMS ilikuwa ya kubuni. Sh7,500 zimeenda hivyo.

Makosa haya yote mawili yanaweza kuepukwa ukielewa kompyuta inamaanisha nini inaposema "hakuna".

"Hakuna" ni jibu la swali uliloandika

Uwe unaweka hesabu zako kwenye Microsoft Excel, Microsoft Access au programu nyingine ya dukani, mashine haijui fundi wala simiti. Inalinganisha tu ulichoandika na kilichohifadhiwa, herufi kwa herufi. Ikisema hakuna, inakuambia: katika rekodi nilizo nazo, pale uliponiambia nitafute, sijaona kitu kinachofanana na ulichoandika. Haijasema kwamba fundi hajalipa.

Kwa hivyo kabla hujamgeukia mteja, kagua mambo matatu: rekodi zenyewe, mahali ulipotafuta, na ulichoandika.

Je, malipo yameshaingizwa kwenye kompyuta?

Anza hapa kwa sababu ni rahisi na husahaulika sana. Daftari la kompyuta linajua tu yale yaliyowekwa ndani yake. Kama karani wako alipakua taarifa ya till jana saa nne asubuhi, na fundi alilipa saa nane mchana, unatafuta kitu ambacho bado hakijafika. Panga rekodi kwa tarehe na uangalie ya mwisho kabisa ni ya saa ngapi. Ikiwa malipo ya fundi ni ya baadaye kuliko hiyo, acha kutafuta. Pakua taarifa mpya kwanza.

Je, unatafuta mahali pote?

Katika Excel, kisanduku cha kutafuta huanza na ukurasa mmoja tu, ule ulio mbele yako. Kama kila mwezi una ukurasa wake, ya jana inaweza kuwa mwezi mwingine. Fungua chaguo za ziada ubadilishe "Sheet" iwe "Workbook". Angalia pia kama umechagua sehemu fulani ya jedwali kwa kipanya, maana Excel itatafuta ndani ya sehemu hiyo peke yake.

Halafu kuna vichujio. Labda asubuhi ulichuja ili uone madeni tu, ukasahau kuondoa. Katika Access, utafutaji hufanyika ndani ya rekodi zilizochujwa pekee, kwa hivyo fundi aliyelipa kila kitu hataonekana. Ondoa vichujio vyote, kisha utafute upya.

Nambari ya muamala: herufi moja inatosha kukupoteza

Nambari ya muamala ya M-PESA ina herufi na tarakimu 10. Herufi O na sifuri hufanana, I na 1 hufanana, S na 5 hufanana, B na 8 vilevile. Mteja akikusomea kwa sauti dukani, P na B huchanganyika masikioni. Mwambie akuonyeshe badala ya kukusomea. Bado haipatikani? Andika nne za mwisho tu, kisha utazame kwa macho zinazotokea.

Tatizo lingine ni nafasi tupu. Ukinakili nambari kutoka kwenye SMS, ni rahisi kuchukua na nafasi iliyo kabla ya neno "Imethibitishwa". Wewe huioni, lakini kompyuta inaiona na inaihesabu kama herufi. Rudi mwisho wa ulichoandika, ufute hiyo nafasi. Kuhusu herufi kubwa na ndogo usijali, Excel na Access kwa kawaida hazitofautishi.

Nambari ya simu na jina

Nambari moja ya simu inaweza kuhifadhiwa kwa sura tatu: ikianza na 07, ikianza na 2547, au ikianza na 7 peke yake kwa sababu Excel imeichukua kama hesabu ikaondoa sifuri ya mbele. Ukitafuta ile ya 07 ilhali faili ina 2547, hutapata kitu. Ondoa mwanzo, tafuta tarakimu sita za mwisho.

Katika taarifa nyingi za till siku hizi, tarakimu za katikati za simu ya mteja hufichwa kwa nyota ili kulinda siri yake. Hapo hata nambari iliyo sahihi kabisa haitapatikana ikiandikwa nzima. Tumia tarakimu tatu za mwisho pamoja na kiasi cha pesa.

Kwa jina, fundi unayemwita kwa jina la mtaa amesajili laini kwa jina la kitambulisho, na pengine laini ni ya mke wake. Muulize: "Ulilipa na laini ya nani?" Kisha hakikisha programu inatafuta sehemu ya jina, sio jina zima. Katika Access, kwenye kisanduku cha kutafuta, chagua "Any Part of Field". Bila hivyo, ukiandika jina moja na rekodi ina matatu, utaambiwa hakuna.

Tarehe na saa

Hapa hata waliozoea kompyuta hunaswa. Taarifa ya malipo huandika siku pamoja na saa, dakika na sekunde. Ukiiambia Access ikuletee rekodi ambazo tarehe ni sawa na 5 Machi, italeta zile za saa sita kamili usiku tu, maana kwake tarehe isiyo na saa ni mwanzo wa siku. Malipo ya saa nane mchana hayatatokea. Omba kuanzia 5 Machi hadi kabla ya 6 Machi, na yote yatajitokeza.

Chunga pia mpangilio wa tarehe. Kompyuta nyingi huja zikiwa na mtindo wa Marekani, unaotanguliza mwezi. Ukiandika 05/03 ukimaanisha tano Machi, mashine inaweza kuelewa tatu Mei.

Na kuna hii yetu wenyewe: mteja anasema alilipa "saa mbili usiku", karani anaandika 2:00. SMS ilisema 8:00 PM. Kubalianeni dukani kwamba saa huandikwa kama ilivyo kwenye ujumbe.

Kwa anayekutengenezea mfumo: usiache "hakuna" ikae kimya

Kama kuna kijana aliyekutengenezea mfumo, msomee sehemu hii.

Kwanza, fomu tupu. Fomu ya Access ikikosa rekodi inayolingana, mara nyingi hufungua nafasi mpya isiyo na kitu. Karani mwenye haraka anadhani anapaswa kujaza, anaandika nambari ya muamala na Sh7,500, anahifadhi. Sasa daftari lina malipo ambayo hayakuthibitishwa na mtu yeyote, na kesho ukitafuta utayapata! Fomu ya kutafuta isiruhusu kuongeza rekodi. Ihesabu kwanza kwa DCount, na jibu likiwa sifuri itoe ujumbe ulio wazi: "Hakuna rekodi iliyolingana. Kagua ulichoandika." Vivyo hivyo kwa ripoti: Access ina tukio linaloitwa NoData, linaloweza kuzuia ripoti tupu isichapishwe.

Pili, sifuri ya uongo. Katika Access, DLookup na DSum zikikosa rekodi hurudisha Null, yaani pasipo na thamani yoyote. Katika Excel, VLOOKUP hutoa #N/A. Wengi hawapendi kuona hivyo, kwa hivyo hugeuza iwe 0. Lakini "amelipa 0" na "sijampata" ni habari mbili tofauti. Ya kwanza ni deni. Ya pili ni kazi ya kukagua. Afadhali safu hiyo iandike HAIJAPATIKANA.

Tatu, VLOOKUP ikiachwa bila FALSE mwishoni inaweza kuchukua rekodi iliyo karibu badala ya ile kamili. Hapo hutaambiwa hakuna. Utaonyeshwa malipo ya mtu mwingine, na hilo ni baya zaidi.

Mteja akiwa mbele yako, fuata hatua hizi

1. Usiseme "hujalipa". Sema, "Nipe dakika mbili, naangalia."
2. Tazama rekodi ya mwisho ni ya saa ngapi.
3. Ondoa vichujio, tafuta kurasa zote.
4. Tafuta kwa kitu kimoja kifupi: herufi nne za mwisho za muamala.
5. Ikikosekana, tafuta kwa kiasi cha pesa, kisha ulinganishe saa.
6. Bado? Fungua taarifa ya till yenyewe au SMS zilizoingia kwenye laini yako ya biashara. Hiyo ndiyo yenye neno la mwisho, sio faili lako.

SMS iliyo kwenye simu ya mteja inakusaidia kupata nambari, kiasi na saa. Haitoshi kuwa ushahidi wa kutoa bidhaa, kwa sababu ujumbe wa aina hiyo unaweza kuandikwa na mtu yeyote.

Na kama hata taarifa ya till haina?

Hapo sasa umepata jibu la kweli, na bado halimaanishi kwamba mteja ni mwongo. Soma naye ujumbe wake polepole. Pesa ilienda kwa jina gani? Huenda alikosea tarakimu moja ya till, na pesa iko kwa duka lingine. Kama alituma kwa M-PESA, anaweza kusambaza ujumbe ule kwenda 456 kuomba pesa irudishwe, na afanye hivyo mapema kabla aliyeipokea hajaitumia. Kama muamala haukukamilika, salio lake litaonyesha pesa haijatoka. Mwache aangalie mwenyewe. Usimwombe PIN yake, wala usishike simu yake.

Ikiwa ujumbe una jina la duka lako, lakini taarifa ya till haina chochote hata baada ya kupakua upya, usitoe bidhaa. Mwambie kwa heshima kwamba utamkabidhi mara tu pesa itakapoonekana upande wako, kisha upigie huduma kwa wateja ukiwa na nambari ya muamala mkononi.

Tukirudi kwa yule fundi wetu: tuseme rekodi ya mwisho kwenye faili ilikuwa ya jana saa nne asubuhi. Umepakua taarifa mpya, ukatafuta herufi nne, na malipo yake yakaonekana, saa nane na dakika kumi mchana, Sh7,500. Imekuchukua dakika tatu. Mifuko kumi inapakiwa, na yule wa pili kwenye foleni, ambaye alikuwa akisikiliza yote, anajua kwamba kwako pesa ya mtu haipotei ovyo.