Je, Wajua? Kutoka Njia Panda ya Tabora hadi Oratorio ya Kiganda

Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, uliotoka Bagamoyo, ulifika Tabora ukagawanyika. Kundi moja lilishika njia ya Ujiji. Jingine likaelekea kaskazini, hadi Buganda. Pamoja na mizigo ya wapagazi zilisafiri nyimbo za Kilatini.

Miaka 86 baadaye, Joseph Kyagambiddwa, mtunzi Mganda, alizijibu. Kwa ajili ya kutangazwa watakatifu mashahidi 22 wa Uganda, Roma, tarehe 18 Oktoba 1964, alitunga oratorio. Umbo ni la Ulaya, lile lile la Handel: kisa kitakatifu kinachosimuliwa kwa kuimbwa. Lakini muziki wenyewe ni wa Kiganda, na ngoma zimo.

Kyagambiddwa aliujua muziki huo kwa undani. Kitabu chake cha 1955 kilikwisha kuandika kwa nota muziki wa amadinda, marimba yenye vibao 12 vinavyolazwa juu ya migomba. Wapigaji wawili huketi wakitazamana, kila mmoja akigonga katikati ya mapigo ya mwenzake; wa tatu hudaka sauti mbili za chini na kuzirudia juu. Msikilizaji husikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake. Kwangu mimi, huo ni ufundi usiopungukiwa chochote mbele ya fuga ya Bach.

Tena Luganda ni lugha ya toni: ukipandisha sauti pasipostahili, neno hugeuka maana. Kwa hiyo mtunzi hulazimika kulisikiliza neno kwanza, ndipo aandike nota.