Kulipia Masomo ya Ukunga kwa Utumishi: Mfanyakazi Ajue Anachotia Sahihi



Masomo ya ukunga yana gharama. Kuna ada ya chuo, vitabu, sare, pango la chumba, na chakula cha miaka yote ambayo mwanafunzi haleti mshahara nyumbani. Mzigo huu ukiachiwa mzazi peke yake, watasoma watoto wa wenye nacho, na kina mama wa vijiji vya mbali wataendelea kujifungua bila mkunga. Ikilipa serikali au shirika, mlipaji naye hutaka kitu: miaka ya kazi, na mahali atakapopakubali yeye.

Mipango ya namna hii ipo katika nchi nyingi, zetu zikiwamo. Safari hii tunaeleza ule wa Marekani, kwa sababu masharti yake yameandikwa katika sheria, na adhabu yake imewekwa kwa hesabu ambayo kila mtu anaweza kuipiga.

ULIKOANZIA

Mwaka 1925 Mary Breckinridge, muuguzi Mmarekani aliyesomea ukunga Uingereza, alianzisha huduma katika milima ya jimbo la Kentucky, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Frontier Nursing Service. Wakunga wake walipanda farasi kwenda kuzalisha katika nyumba za maskini. Wengi wao walitoka Uingereza. Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, baadhi yao walirudi kwao, na mwaka huohuo huduma hiyo ikafungua shule yake yenyewe. Jamii inayotegemea wakunga wa kutoka mbali ilijifunza kwamba shurti isomeshe walio karibu.

Mwaka 1989 ulianza mpango wa kumwezesha muuguzi asome ukunga akiwa anakaa kwao, na kufanya mazoezi ya kazi chini ya mkunga mzoefu wa eneo lake. Hivyo mgonjwa hakuachwa, na muuguzi hakuhama. Lakini ada ilibaki palepale, na hapo ndipo fedha za serikali zinapoingia.

NAMNA MPANGO UNAVYOKWENDA

Mwishoni mwa mwaka 1970 Marekani ilipitisha sheria ya kuunda National Health Service Corps, yaani Kikosi cha Taifa cha Huduma ya Afya. Mwaka 1972 sheria ikaongeza msaada wa masomo. Miongoni mwa wanaostahili ni wauguzi wanaosomea ukunga, maadamu ni raia. Wako pia wakunga wanaozalisha majumbani ambao hawakupitia uuguzi. Hao hawamo katika orodha, hata kama wanatumikia watu walewale.

Mwanafunzi anayechaguliwa hulipiwa ada na gharama nyingine za masomo, na hupewa posho ya kila mwezi. Posho hiyo hukatwa kodi. Fedha za ada hazikatwi. Kwa kila mwaka wa masomo aliolipiwa hudaiwa mwaka mmoja wa kazi, ila haipungui miaka miwili. Kazi hiyo hufanywa katika eneo lililotambuliwa kuwa na upungufu wa watumishi wa afya, liwe shamba au mtaa wa maskini mjini.

Mshahara wake hulipwa na kituo kilichomwajiri. Wiki ya kazi ni saa 40, na mwaka wa utumishi ni wiki 45, maana yake anaruhusiwa kukosekana wiki saba, kwa likizo, ugonjwa na mengineyo yote. Mkunga mwenyewe akijifungua hupewa nafasi ya kupumzika, lakini wiki zinazozidi zile saba huongezwa mwishoni mwa mkataba. Akitaka kuhamia kituo kingine, shurti apate kwanza idhini ya Kikosi.

HESABU YA ANAYEVUNJA MKATABA

Mwanafunzi anayeacha masomo au kufukuzwa chuoni hurudisha kile alichopewa. Mambo hugeuka kwa yule aliyehitimu kisha akaacha utumishi. Sheria huchukua fedha zote alizolipiwa pamoja na riba, huzidisha mara tatu, kisha hutoza kwa kadiri ya miezi iliyobaki.

Tutoe mfano, tukiiacha riba pembeni. Mkunga amelipiwa dola 60,000 na anadaiwa miezi 24. Ametumikia miezi 12, kisha ameondoka. Mara tatu ya 60,000 ni 180,000. Nusu ya muda imebaki, basi anadaiwa nusu yake: dola 90,000. Ametumikia nusu ya ahadi yake, na bado anatakiwa kulipa zaidi ya zile alizopokea. Deni hilo hutakiwa katika muda wa mwaka mmoja. Mdeni akifa, deni hufutwa.

NJIA YA PILI

Tangu mwaka 1987 iko njia nyingine. Mkunga husoma kwa mkopo, akihitimu hutafuta kazi katika kituo kilichokubaliwa, ndipo Kikosi humsaidia kulipa mkopo kwa sharti la kutumikia miaka miwili. Mwaka 2024 kiwango cha juu kwa wahudumu wa afya ya msingi, wakunga wakiwamo, kilipandishwa kikafika dola 75,000. Fedha hizo hazikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Naye akivunja mkataba hutozwa: pamoja na kurudisha sehemu ya fedha, kuna dola 7,500 kwa kila mwezi ambao hakuutumikia.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa kwa mfanyakazi. Wa kwanza hutia sahihi angali mwanafunzi, hajajua atapata kituo gani wala msimamizi wa namna gani. Wa pili hutia sahihi akiwa na kazi mkononi, mahali amekwisha kupaona. Lakini wa pili huyo amebeba mkopo peke yake miaka yote ya chuo, bila kuwa na hakika kwamba atachaguliwa kusaidiwa. Maskini asiye na wa kumkopesha amebakiwa na njia ya kwanza.

YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Hatusemi mipango hii ni mibaya. Fedha za umma zinapomsomesha mkunga, ni haki umma upate huduma yake. Lakini mtu asiyeweza kuacha kazi hana nguvu mbele ya mwajiri, na mwajiri hulijua hilo. Kwa hiyo mwanachama yeyote, au mtoto wake, akiletewa mkataba wa namna hii, aulize haya:

Kwanza, ni miaka mingapi, na huanza kuhesabiwa lini: siku ya kupata cheti, au siku ya kuripoti kazini?

Pili, mshahara ni sawa na wa wenzake wa cheo kilekile wasio na mkataba?

Tatu, akiugua au akijifungua, siku hizo zitahesabiwa vipi?

Nne, mwajiri akichelewesha mshahara au akimnyanyasa, nani mwenye mamlaka ya kumhamisha?

Tano, akishindwa kuendelea, deni hupungua kwa kadiri alivyotumikia? Wadhamini wake nao watadaiwa?

Sita, mlipaji amefungwa na wajibu gani? Akihitimu na asipewe kazi, mkataba umekwisha, au atakaa nyumbani akiwa bado amefungwa?

Swali la sita ndilo linalosahauliwa zaidi. Mkataba una pande mbili, na upande wa mlipaji nao uandikwe.

Mkataba usomwe wote, mbele ya katibu wa tawi, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Nakala moja yenye sahihi za pande zote mbili ibaki mikononi mwa mfanyakazi mwenyewe.