Mpira na Jembe: Vijana wa Mathare Waliotia Usafi Katika Hesabu ya Ligi

Katika mchezo wa mpira wa miguu kila mtu ajua kwamba timu ishindayo michezo mingi ndiyo ichukuayo kikombe. Lakini katika bonde la Mathare, mjini Nairobi, ilianzishwa ligi ambayo timu iliweza kushinda mchezo baada ya mchezo, na bado ikakosa kikombe. Sababu yake ilikuwa moja tu: siku ya kazi wachezaji wake hawakuonekana mtaroni.

Ligi hiyo ni ya chama kiitwacho Mathare Youth Sports Association, ambacho watu wengi hukiita MYSA kwa kifupi. Chama hiki kilianzishwa mwaka 1987, wala hakikuanzishwa kwa ajili ya kutafuta faida. Kilianza na watoto wachache waliotaka mpira wa kweli wa kuchezea, na baada ya miaka michache kikawa na maelfu ya wavulana na wasichana, na habari zake zikafika nchi nyingi za dunia. Yafaa msomaji ajue jinsi jambo hili lilivyoanza na jinsi lilivyoendeshwa, maana ndani yake mna fundisho hata kwa mtu ambaye hajapata kuupiga mpira teke.

BONDE LENYEWE

Mathare iko upande wa kaskazini mashariki ya katikati ya jiji, kilomita chache tu kutoka kwenye maofisi na maduka makubwa. Zamani watu walichimba mawe ya kujengea huko, na mto wa Mathare wapita chini ya bonde. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, nyumba za watu wengi huko zilibomolewa. Baadaye, hasa baada ya Uhuru wa mwaka 1963, watu wakamiminika tena kutoka mashambani kuja kutafuta kazi, wakajenga vibanda vya mbao, udongo na mabati, kimoja ubavuni mwa kingine, hata njia nyingine zikawa nyembamba kiasi ambacho watu wawili wakikutana ni lazima mmoja ajibanze ukutani.

Kwa kuwa vijiji hivyo havikuhesabiwa kuwa halali, havikuwekwa katika mipango ya jiji. Mabomba ya maji yalikuwa haba, vyoo vilikuwa haba zaidi, na magari ya kuzoa taka hayakufika. Lakini watu wa Mathare hula kama watu wengine. Ndizi, mahindi, viazi na sukuma wiki zitokazo kwa wakulima kila siku huingia bondeni, na maganda yake hubaki humo humo. Taka zisizokuwa na mahali pa kwenda zilitupwa mtaroni. Mvua iliponyesha mitaro ilikuwa imeziba, na maji machafu yakaingia milangoni mwa watu, yakileta kuhara na homa. Waliougua kwanza ni watoto, maana wao ndio waliocheza katika maji hayo.

MPIRA WA KARATASI

Mwezi wa Agosti mwaka 1987 mji wa Nairobi ulikuwa na wageni wengi, maana Michezo ya Afrika Nzima ilifanyika huko, katika uwanja mpya wa Kasarani. Mwaka huo huo klabu ya Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika. Kila mtoto wa Nairobi alikuwa akiota kuwa mchezaji. Lakini mtoto wa Mathare hakuwa na uwanja wala viatu, na mpira wake ulikuwa ni karatasi na mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba.

Mtu mmoja aliyewaona watoto hao ni Bob Munro, mzaliwa wa Kanada, ambaye alikuwa akifanya kazi Nairobi kama mshauri wa mambo ya mazingira. Watoto walitaka mipira, refarii na mashindano yenye utaratibu. Munro hakukataa, lakini hakuwapa bure. Walipatana ya kwamba kila upande utatoa chake: wakifanya jambo, watasaidiwa, wakikaa bila kufanya neno, hakuna atakayewafanyia neno. Na jambo la kufanya lilikuwa wazi mbele ya macho na pua za wote, yaani taka.

Hivyo ndivyo majembe, mareki na makarai yalivyoingia katika ligi ya mpira.

HESABU YA ALAMA

Watu wengi hudhani kwamba kusafisha kulikuwa ni kazi ya pembeni, kama adhabu ya shule ambayo mtoto huifanya kwa kununa ili aruhusiwe kucheza. Sivyo. Kazi hiyo iliwekwa ndani ya hesabu ya ligi yenyewe. Timu iliyoshinda mchezo ilipata alama 3. Timu iliyomaliza kazi yake ya usafi ilipata alama 6. Maana yake ni kwamba kusafisha mara moja kulikuwa sawa na kushinda michezo miwili.

Chukua mfano wa timu mbili. Ya kwanza ina wachezaji hodari, nayo yashinda michezo mitano, yapata alama 15. Lakini siku za kazi wachezaji wake wamelala. Ya pili si hodari sana, yashinda michezo miwili tu, yapata alama 6. Lakini imetoka kusafisha mara mbili, ikapata alama 12. Jumla yake ni 18. Timu ya wanyonge imewatangulia mashujaa.

Hapa ndipo penye akili ya mpango huu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akihubiriwa habari za viini vya maradhi atasikiliza kidogo kisha atatazama dirishani. Lakini akijua kwamba timu ya mtaa wa pili imekwisha kusafisha mtaro wake, na yake bado, hatapata usingizi. Hakuhitajika ofisa wa kuwasukuma, maana kapteni mwenyewe alipita nyumba kwa nyumba alfajiri akiwaamsha wenzake, na mvivu aliona haya mbele ya rafiki zake, sio mbele ya mkubwa. Kazi ambayo watu wazima waliiona kuwa ya aibu, yaani kushika taka za wengine, iligeuka kuwa jambo la fahari.

Mchezo nao ulikuwa na adabu zake. Hakuna aliyeruhusiwa kubishana na refarii isipokuwa kapteni. Na mbali na kadi za manjano na nyekundu ambazo kila mtu azijua, palikuwa na kadi ya kijani, aliyopewa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wenzake.

VIONGOZI NI VIJANA WENYEWE

Jambo la pili lililofanya chama hiki kudumu ni kwamba hakikuendeshwa na wazee kwa niaba ya vijana. Mitaa iligawanywa katika sehemu, na kila sehemu ikachagua viongozi wake miongoni mwa wachezaji. Wengi wao walikuwa bado wa umri wa kwenda shule. Walipanga ratiba ya michezo, wakawafundisha marefarii, wakaandika matokeo, wakatunza vifaa. Mtoto aliyejifunza kuandika orodha ya timu kumi bila kosa amekwisha kupiga hatua ya kwanza ya ukarani.

Tena bidii hiyo ililipwa kwa njia ya busara. Kijana aliyejitolea kufundisha wadogo, kuchezesha michezo, au kuongoza kazi ya usafi, aliandikiwa alama zake mwenyewe. Waliopata alama nyingi walipewa msaada wa karo, na fedha hizo zililipwa shuleni, hazikutiwa mkononi. Kila mzazi aliyepata kutafuta karo mwezi wa Januari ajua thamani ya jambo hilo.

WASICHANA NAO

Kwa miaka ya kwanza ligi ilikuwa ya wavulana. Mwaka 1992 wasichana wakaingia. Haikuwa rahisi. Wazazi wengi waliuliza ni nani atakayeteka maji, ni nani atakayebeba mtoto, na ni nani atakayepika, ikiwa binti yuko uwanjani. Wengine waliogopa usalama wao njiani jioni ikifika, na wavulana wengine walicheka. Ilibidi wazazi waelezwe taratibu, na saa za mchezo zipangwe kwa kufikiri kazi za nyumbani.

Lakini waliocheka baadaye walinyamaza. Mmoja wa waliolelewa katika timu hizo, Doreen Nabwire, alikuwa mchezaji wa timu ya taifa, kisha akaenda kucheza mpira Ujerumani. Hata hivyo faida kubwa haikuwa kwa mmoja aliyekwenda ng'ambo, bali kwa wale wengi waliobaki. Msichana aliyezoea kupaza sauti uwanjani hanyamazi upesi anapoonewa nyumbani au barabarani.

MATUNDA YAKE

Mwezi wa Juni mwaka 1992, wakati mataifa yalipokutana mjini Rio de Janeiro kuzungumza juu ya mazingira ya dunia, MYSA ilipewa tuzo ya Global 500 ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Watoto wa bonde lisilofikiwa na gari la taka walitajwa mbele ya ulimwengu kwa ajili ya usafi. Mwaka 1994 vijana wakaanza kufundishwa ili wawaonye wenzao juu ya ugonjwa wa UKIMWI, uliokuwa ukiua watu wengi, na maneno yao yalisikilizwa kwa sababu yalitoka kwa wachezaji wanaojulikana. Mwaka 1999 chama kilipeleka mpango wake wa michezo hata katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya.

Na mpira wenyewe? Mwaka 1994 iliundwa timu ya Mathare United kutokana na vijana hao hao. Mwaka 1998, ingali katika daraja la pili, ilitwaa Kombe la Moi mbele ya klabu kubwa za nchi. Ililichukua tena mwaka 2000, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya. Wachezaji waliopitia timu hiyo, kama Dennis Oliech, walikuwamo katika timu ya taifa iliyokwenda Tunisia mwaka 2004 kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Na desturi ya nyumbani haikuachwa: mchezaji wa Mathare United alitakiwa kuendelea kuitumikia mitaa iliyomlea, akiwafundisha wadogo.

SWALI LA HAKI

Hata hivyo wako watu wanaouliza swali ambalo lafaa kujibiwa. Husema kwamba kuzoa taka si kazi ya watoto. Mkazi wa Mathare hulipa kodi kila anunuapo sukari au mafuta ya taa, kwa hiyo jiji lina wajibu wa kumpelekea gari la taka kama linavyompelekea tajiri. Tena husema kwamba fedha nyingi za chama zilitoka nje, kama vile kwa marafiki wa Norway, na mgeni akichoka, mwenyeji atafanya nini?

Maneno hayo ni ya kweli, wala hayafai kudharauliwa. Karai la mtoto haliwezi kufanya kazi ya bomba la maji machafu. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mvua kubwa zilinyesha Nairobi, mto wa Mathare ukafurika, ukachukua nyumba na maisha ya watu. Kisha nyumba nyingine zilizokuwa karibu na mto zikabomolewa kwa amri ya Serikali, na jamaa nyingi zikabaki bila mahali pa kulala. Msiba kama huo hauzuiwi na ligi ya mpira. Wahitaji mitaro mikubwa, nyumba za halali, na wakuu wanaotimiza wajibu wao.

Lakini pande hizi mbili hazipingani. Anayengoja haki yake akiwa amekaa katika taka haipati upesi kuliko yule anayeidai akiwa na jembe mkononi. Mtoto aliyesafisha mtaro wa mtaa wake ajua vizuri ulipoanzia na ulipozibia, naye akikua hadanganywi kwa urahisi na mtu ajaye kuomba kura kwa ahadi tupu. Atauliza: gari la taka litapita siku gani, na kwa njia ipi?

Wasomaji wengi wa mashambani wana ndugu au watoto katika mitaa kama hiyo, na vijiji vyenyewe havikosi vyama vya vijana vinavyoanza kwa shangwe na kufa kabla ya mavuno. Mara nyingi vyama hivyo hufa si kwa kukosa fedha, bali kwa sababu ndani yake mwenye kufanya kazi na mwenye kukaa huhesabiwa sawa. Watoto wa Mathare waliliona jambo hilo mapema. Waliandika kila kazi katika daftari ile ile iliyoandikwa mabao, na mwisho wa ligi wakajumlisha.