Kutoka Sare na Kutwaa Ubingwa

Mfasiri mmoja ametuuliza: je, timu yaweza kuwa bingwa bila ya kushinda mchezo wake wa mwisho? Swali lake lahusu mashindano ya taifa ya kandanda ya wanawake wa vyuo vikuu vya Marekani, yanayoendeshwa na chama cha NCAA tangu mwaka 1982. Mashindano haya ni ya mtoano. Mwaka 2021 fainali baina ya Florida State na Brigham Young ilimalizika 0–0 hata baada ya muda wa nyongeza, na Florida State ikatwaa ubingwa kwa mikwaju ya penalti, 4–3. Hata hivyo, katika kumbukumbu rasmi mchezo huo ni sare. Mikwaju huamua tu nani asonge mbele au atwae kombe. Basi kuandika “ilishinda 4–3” ni kupotosha, kwani msomaji atadhani yalifungwa mabao saba. Twapendekeza: “ilitoka sare 0–0, ikatwaa ubingwa kwa penalti 4–3”. “Matuta”, neno tamu la mashabiki, tumeliacha kwa makusudi. Katika taarifa ya ofisi halikai vizuri.